Maswali ya wasomaji: Datsun 240Z ya mwaka gani ndiyo ya kununua?

Safari hii barua karibu zote zinahusu gari moja. Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani, ilishinda mashindano ya magari ya East African Safari mara mbili: mwaka 1971 Edgar Herrmann akiwa kwenye usukani na Hans Schüller akimsomea njia, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Wanaoitamani bado ni wengi, na wengi wanaingia sokoni wakiwa na swali la mwaka peke yake. Tumechagua barua saba.

Kila mtu ananiambia ya 1970. Ni kweli?

*Ndugu wahariri, hamjambo? Nimekuwa nikiweka akiba ya kununua 240Z. Kila ninayemuuliza anasema ya 1970 ndiyo bora kwa kuwa ndiyo ya kwanza, lakini bei yake inanitisha. Nataka gari la kuendesha, si la kufunika turubai. Nichague mwaka gani?* (Msomaji, Nairobi)

Hatujambo, ndugu yetu. Ya 1970 ni ya mkusanyaji. Wewe unayetaka kuendesha, tafuta iliyotoka kiwandani kati ya katikati ya 1971 na mwisho wa 1972.

Injini isikuumize kichwa. Tangu gari la kwanza la mwishoni mwa 1969 mpaka la mwisho la 1973, 240Z ilibeba L24 ile ile: silinda 6 kwa mstari, cc 2,393, kipenyo cha silinda milimita 83, mwendo wa pistoni milimita 73.7. Muuzaji akikwambia mwaka fulani una mbio kuliko mwingine, anauza maneno. Miaka inatofautiana kwa marekebisho madogo madogo ambayo kiwanda kilifanya njiani, na machache kati ya hayo yana uzito mkubwa kwa mtu anayeendesha kila wiki.

Kubwa kuliko yote ni mahali difu, ile gia ya nyuma inayogawa nguvu kwenye magurudumu, ilipokaa. Ingia chini ya gari la mwanzo, tazama shafti mbili zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye magurudumu ya nyuma: hazikunyooka. Difu imekaa mbele mno, kwa hiyo kila shafti inatoka pale na kurudi nyuma kwa pembe. Kruseta zake, yaani viungo vinavyopinda kwenye ncha za shafti, zinafanya kazi zikiwa zimepinda hata kwenye lami iliyonyooka kama rula, zinakula haraka, na mtetemo unaupata kwenye kiti. Katikati ya 1971 kiwanda kilirudisha difu nyuma milimita 35, shafti zikanyooka. Gari la zamani linaweza kufungwa vifaa vya baadaye, lakini hiyo ni kazi na gharama ya ziada juu ya bei ambayo tayari ni kubwa.

La pili ni hewa. Magari ya mwanzo yana matundu mawili ya hewa kwenye mlango wa buti, chini ya kioo, na nembo ya "240Z" ubavuni, nyuma ya dirisha la mlango. Matundu yale yako mahali ambapo moshi wa ekzosi unazunguka gari likiwa kasi, na moshi unaingia ndani. Mwanzoni mwa 1971 yalihamishiwa ubavuni, yakafunikwa na nembo ya duara yenye herufi Z. Ukiiona nembo ya duara, umeshavuka kundi la kwanza. Kumbuka tu kwamba nembo ya duara ilitangulia mabadiliko ya difu kwa miezi kadhaa, hivyo isikutoshe: lala chini uangalie shafti.

Utasikia pia habari za silinda hedi ya E31. Ndiyo ya magari ya mwanzo, ina chumba kidogo cha mlipuko na mgandamizo wa 9.0 kwa 1. Iliyofuata ni E88, na magari ya 1972 yanatajwa kuwa na 8.8 kwa 1. Watu wanailipia E31 pesa nzuri. Barabarani tofauti hutaihisi, na kwa petroli isiyoaminika E88 inakuvumilia zaidi kabla injini haijaanza kugonga ukipanda mlima.

Vipi 1973? Sifa mbaya ya mwaka huo inatoka Marekani, ambako sheria za moshi zilileta kabureta zenye kifuniko bapa, nzito kurekebisha na maarufu kwa kuchemsha petroli. Gari la usukani wa kulia lenye kabureta za kichwa cha duara halina mkosi huo. Likiwa zima, lichukue.

Sasa namna ya kuhakiki. Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria. HS30 maana yake ni gari la kuuzwa nje ya Japani lenye L24 na usukani wa kulia, HLS30 ni usukani wa kushoto. Namba ya injini iko ubavu wa kulia wa bloki, juu karibu na silinda hedi, upande wa nyuma. Futa grisi usome, kisha ilinganishe na ile ya kibati kilichomo chini ya boneti. Zisipolingana, injini ilibadilishwa. Hilo halikufukuzi, ila linashusha bei. Kwa tarehe, tazama lebo iliyoshonwa kwenye mikanda ya usalama ya awali: mara nyingi ina mwezi na mwaka.

Na kwa kuwa uko Kenya, ambako magari ya zaidi ya miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa kwa utaratibu wa kawaida, usitume hata shilingi moja ng'ambo kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka KRA (mamlaka ya mapato) na KEBS (shirika la viwango). Gari lililokwisha kusajiliwa nchini ni njia nyepesi zaidi. Sharti lake ni moja: namba ya kwenye logbook na iliyogongwa kwenye chuma zifanane tarakimu kwa tarakimu.

Yote tuliyosema kuhusu miaka yanakusaidia kuchagua kati ya magari mawili mazima. Kama la 1972 limeoza na la 1970 au 1973 ni kavu, nunua kavu. Jibu linalofuata linaeleza kwa nini.

Bodi inang'aa, muuzaji anaapa haina kutu

*Asalaam aleikum. Nimeonyeshwa 240Z ya 1972, rangi mpya, bodi imenyooka. Imekaa mwambao miaka mingi. Muuzaji anasema haina kutu hata chembe. Nikague wapi?* (Msomaji, Tanga)

Waaleikum salaam. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na bati lake ni jembamba. Hewa ya chumvi inalila kuanzia ndani kuja nje, kwa hiyo rangi mpya haikuambii lolote. Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, bisibisi yenye mpini wa mbao, tochi, jeki, na lita 2 za maji.

Anza na maji. Mbele ya kioo kikubwa kuna kifuniko chenye matundu ambamo hewa ya ndani inaingilia. Mwaga maji humo polepole. Yanatakiwa kutoka pande zote mbili, nyuma ya magurudumu ya mbele, papo hapo. Yakichelewa, mifereji imezibwa na majani na udongo, na udongo ule umekuwa ukikaa na unyevu miaka yote. Yakitokea miguuni pa abiria, bati la ndani limeshatoboka. Hapo fundi atashusha dashibodi nzima ili kufika penye ugonjwa. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, ningeishia hapo na kumuaga muuzaji.

Halafu inua betri. Asidi inayomwagika inakula sahani iliyo chini yake, ikimaliza inashukia kwenye muhimili wa chini. Bati la kubandika juu ya sahani hiyo si dalili nzuri.

Chini ya gari kuna mihimili miwili yenye uwazi ndani, inayotoka mbele kwenye injini na kupita chini ya sakafu. Igonge kwa mpini wa bisibisi toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza au kilichojazwa kinajibu kwa sauti ya kufa, kama kugonga gunia. Ikiwa imebonyea, kuna fundi aliyeweka jeki mahali pasipostahili. Angalia kwa makini pale fimbo inayozuia gurudumu la mbele inapojishikiza kwenye bodi. Ufa mahali hapo ndio unaofanya gari livute upande mmoja ukikanyaga breki, na watu wanabadilisha breki mara tatu bila kupona.

Sumaku ipitishe kwenye vizingiti vya milango, kwenye kona ile ya chini kati ya mlango na gurudumu la nyuma, na kuzunguka matao ya magurudumu. Tao la nyuma ni mabati mawili yaliyoshikana, na tope linajificha katikati. Sumaku ikishika kwa nguvu kisha ghafla ikateleza, umekutana na puti, ile plasta ya kuzibia bati bovu. Mabawa ya mbele yamefungwa kwa bolti, hivyo kutu ya huko isikutishe kupita kiasi.

Fungua buti, ondoa zulia na tairi la akiba. Shimo la tairi linakusanya maji yanayovuja kwenye mpira wa mlango. Ukikuta kitambaa cha nyuzi kilichogandishwa kwa gundi badala ya chuma, mwenye gari alificha tundu, wala hakulitibu.

Kipimo cha mwisho hakidanganyi. Gari likiwa chini, fungua mlango wa dereva na kuufunga, ukitazama uwazi kati ya mlango na bodi. Kisha inua upande huo kwa jeki mahali palipokusudiwa, fungua tena. Mlango ukigoma, ukikwaruza, au uwazi ukibadilika, vizingiti vimekufa na gari linapinda.

Ukilinunua na likabaki Tanga, lioshe chini kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi angalau kila wiki, na nta ya kuzuia kutu ipulizwe ndani ya vizingiti kupitia matundu yaliyopo. Mafundi wengine hupuliza oili chafu. Inazuia kutu kwa muda, ndiyo, lakini inavimbisha bushi zote za mpira, na za gari hili hazipatikani dukani.

Fundi anataka kunibadilishia kabureta

*Gari langu la 1971 linatoa moshi mweusi na silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka. Fundi anasema kabureta za zamani hazina maana, nifunge nyingine za kisasa. Nifanyeje?* (Msomaji, Arusha)

Usizitoe. Hitachi hizi ni kati ya kabureta rahisi kabisa kutengeneza, na za badala zikifungwa ovyo zitakunywia petroli bila kukuongezea nguvu. Na kumbuka uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Aina hii hujirekebisha kiasi, si yote, hivyo gari lililopimwa Dar es Salaam litakuwa na mafuta mengi mno Arusha.

Usiguse kabureta kabla ya kumaliza mengine. Valvu zipimwe injini ikiwa baridi: za kuingiza milimita 0.20, za kutoa 0.25. Plagi ziwe na mwanya wa 0.8 hadi 0.9. Platini 0.45 hadi 0.55. Nusu ya "kabureta mbovu" zinaponea hapa.

Baada ya hapo toa kifuniko cha chujio la hewa. Juu ya kila kabureta kuna kofia yenye fimbo nyembamba. Ifungue, jaza oili nyepesi, namba 20, mpaka alama ya fimbo. Wengi hawajui kama kuna oili humo, na bila hiyo gari linakohoa kila unapokanyaga. Sasa nyanyua pistoni ya kabureta kwa kidole na uiachie: ishuke taratibu, igonge chini kwa mlio mdogo. Ikikwama, isafishe kwa petroli na kitambaa tu. Msasa hapana.

Injini ikiwa inaunguruma na imepata moto, pulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye ncha za shafti ya kilango cha hewa. Mzunguko ukibadilika, shafti imelika na hewa ya wizi inaingia. Hapo unahitaji bushi mpya, na hakuna urekebishaji utakaokaa kabla ya hizo.

Zikiwa salama, pandisha nati ya mchanganyiko ya kila kabureta mpaka mwisho, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu. Huo ndio mwanzo. Tafuta mizunguko 750 kwa dakika kwa skrubu za silensa, ukisawazisha hewa ya kabureta ya mbele na ya nyuma. Kama huna kipimo, mpira mwembamba wa nusu mita unatosha: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, mlio ufanane. Kisha nyanyua pistoni ya moja milimita 1 tu. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi: pandisha nati robo mzunguko. Injini ikitaka kuzima, mafuta ni machache: shusha. Ikipanda kidogo na kurudi, umefika. Rudia kwa ya pili, halafu rudi kwa ya kwanza, maana zinaathiriana.

280Z ya usukani wa kushoto Maskati

*Salaam. Hapa Maskati nimepewa nichague kati ya 260Z ya 1974 na 280Z ya 1977, zote kutoka Marekani. Joto letu mnalijua. Ipi?* (Msomaji, Maskati)

Ya 1977, na usisite. 260Z, iliyoifuata 240Z, kwa ile ya Marekani ya 1974 ina injini nzuri, L26 ya cc 2,565, ila imefungwa zile kabureta za kifuniko bapa tulizozitaja juu. Kabureta zote za magari haya zinakaa juu kabisa ya manifoldi ya ekzosi, kwa kuwa kuingiza na kutoa viko upande mmoja wa injini. Kwenye joto la nyuzi 40 petroli inachemka, mvuke unaziba njia, gari linazima kwenye taa na haliwaki mpaka lipoe.

280Z ilianza 1975 ikiwa na L28 ya cc 2,753 na mfumo wa Bosch wa kupuliza petroli kwa shinikizo, ambao petroli yake haichemki kirahisi hivyo. Difu yake ni R200, kubwa na imara kuliko R180 ya 240Z. Mwaka 1977 boneti iliongezewa matundu mawili ya kutolea joto, na giaboksi ya gia 5 ikaanza kupatikana kwa hiari ya mnunuzi. Kwa Maskati, matundu yale ni zawadi. Gharama yake ni uzito: kilo 250 hivi zaidi ya 240Z, sehemu yake ikiwa ya bampa kubwa na vyuma vya kuzishikilia.

Ukiikagua, tingisha taratibu kila plagi ya waya iliyo juu ya nozeli injini ikiwa inawaka. Plastiki za miaka hiyo zimekauka, na injini ikikatika unapogusa moja, ugonjwa ni waya, si kompyuta. Shinikizo la petroli liwe karibu bar 2.5 pampu ikizunguka na injini imezimwa. Mipira yote ya petroli ibadilishwe kwa ile ya shinikizo kubwa. Wa kabureta utapasuka, na utapasukia juu ya ekzosi.

Kwa wasomaji wa nchi za usukani wa kulia tuongeze hili: 280Z ya umbo hili iliuzwa Amerika Kaskazini tu, usukani wa kushoto. Ukiuziwa "280Z" ya usukani wa kulia, ama usukani ulihamishwa au ni 260Z iliyofungwa L28. Soma namba ya chesisi kabla ya kuamini nembo.

Harufu ya moshi na petroli ndani

*Hamjambo wahariri? Nikiendesha 260Z yangu na vioo vimefungwa, nguo zinanuka moshi. Likiwa limeegeshwa linanuka petroli. Nimebadilisha ekzosi, bado.* (Msomaji, Mombasa)

Hatujambo, dada. Una magonjwa mawili, na ekzosi si mojawapo.

Moshi unavutwa ndani kupitia nyuma ya gari: mpira wa mlango wa buti, gasketi za taa za nyuma, na vizibo vya mpira kwenye sakafu ya buti. Ili kujua ni wapi, funga vioo vyote, washa feni ya hewa safi hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa. Washa kijiti cha udi, kipitishe taratibu nje ya gari, sentimita 2 kutoka kwenye ukingo wa mlango wa buti na kuzunguka taa. Moshi wa udi unapopanda wima, pako salama. Unaposukumwa kando, hewa inatoka hapo, na ukiwa kasi moshi wa ekzosi unaingilia hapo hapo. Taa za nyuma ndizo zinazosahaulika. Zifungue, weka gasketi mpya ya sponji, funga.

Udi huo usiuwashe kabla hujamaliza tatizo la petroli. Ndani ya ubavu wa nyuma, nyuma ya ubao wa plastiki, kuna kitangi kidogo cha mvuke chenye mipira inayokwenda kwenye tangi kubwa. Umri wa mipira hiyo ni umri wa gari. Toa ubao, ikunje kwa vidole: ikionyesha nyufa, ibadilishe yote kwa siku moja, pamoja na ule mnene wa kujazia petroli. Acha milango wazi usiku kucha ukimaliza, ndipo urudi kwenye udi.

Ya viti vinne ni ya kudharauliwa?

*Nina watoto wawili. 260Z 2+2 hapa ni rahisi kuliko nyingine zote, lakini wenye 240Z wanaicheka.* (Msomaji, Leicester)

Waache wacheke. Ekseli za 2+2 zimetengana milimita 2,605 badala ya 2,305, paa limeinuka nyuma, na uzito umeongezeka, basi. Injini, breki na mbele yote ni ndugu moja. Uhaba uko kwenye milango, vioo vya ubavuni na cha nyuma, hivyo usinunue iliyokosa kioo. Uingereza gari la zaidi ya miaka 40 ambalo halijabadilishwa sana halilazimiki kupimwa MOT, ule ukaguzi wa usalama wa kila mwaka, maana yake unaweza kuuziwa ambalo halijakaguliwa kwa miaka. Lipeleke lipimwe kwa hiari kabla ya kulipa.

Spea Kampala

*Ninayo 240Z ya 1972, breki ni hafifu na nyuma inagonga ninapoondoka. Je, spea za magari mengine zinaingia?* (Msomaji, Kampala)

Nyingi zinaingia. L24 ni injini ya Datsun 1600 iliyoongezwa silinda mbili: L16 nayo ina kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa 73.7, kwa hiyo pistoni, ringi na konrodi zinalingana, na pampu ya oili pia. L28 ya Nissan Patrol ya zamani inaingia kama injini nzima, ila sampu na bomba la kufyonzea oili uhamishe vya gari lako, kwa sababu sampu ya gari jingine inaweza kugonga mbele.

Kuhusu breki, tafuta kalipa za Toyota Hilux ya 4x4 ya miaka ya 1979 hadi 1985, aina iliyoandikwa S12 na 8. Zina pistoni 4 badala ya 2, zinafungwa kwenye matundu yale yale na juu ya disiki ile ile. Kazi pekee ni kukata kidogo bati la kuzuia vumbi nyuma ya disiki. Kabla ya hapo hakikisha breki za nyuma zimekazwa vizuri, maana pedeli inayoshuka sana kwenye gari hili mara nyingi ni dramu zilizolegea.

Kugonga unapoondoka kwanza ni mpira wa mbele wa difu. Weka gari kwenye jeki, sukuma pua ya difu juu kwa mti: ikinyanyuka kama taya, mpira umekatika. Ukiwa salama, kagua kruseta za shafti.

Fundi akifika kwenye bushi za mikono ya nyuma, msimamie. Kila mkono umeshikwa na pini ndefu inayopita katikati ya nyumba ya gurudumu, na imezuiwa na kipini kidogo cha pembeni. Kutu huiganda humo. Ukiigonga kwa nyundo, ncha yake yenye nyuzi inatanuka kama uyoga na haipiti tena. Toa kwanza kile kipini kidogo, loweka pini kubwa kwa mafuta ya kupenya siku mbili, kisha ivute kwa bomba nene na nati mbili zilizofungwa kwenye nyuzi zake, ukikaza taratibu. Ikigoma, peleka mkono mzima kwenye karakana yenye mashine ya kusukuma, na uwe umeagiza pini mpya mbili kabla ya kuanza.